Kuflashi simu ni kufanya nini hasa?

Swali: Hujambo fundi. Samsung yangu ikiwaka inafika kwenye nembo, inazima, inaanza tena. Fundi mmoja kaniambia, "Hii ni ya kuflashi tu." Huku kwetu Nairobi kumflashi mtu ni kumpigia ukakata kabla hajapokea. Huyu ana maana gani, na picha za mwanangu zitapona?

Jibu: Sijambo dada yangu, na pole sana. Hiyo ya Nairobi sisi Dar tunaiita kubipu. Kwenye meza ya fundi, kuflashi ni kuandika upya mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha simu, juu ya ule ulioharibika, simu ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta. Jina limetokana na kumbukumbu ya simu, yaani chipu inayohifadhi mfumo na picha, ambayo kwa Kiingereza huitwa "flash memory". Fujio Masuoka wa Toshiba ndiye aliyeivumbua, na mwenzake Shoji Ariizumi, alipoona inavyofutwa kwa mkupuo mmoja, akaifananisha na mmweko wa kamera. Neno lenyewe basi limebeba kufuta, kwa hiyo wasiwasi wako una msingi.

Usikubali uambiwe "turiseti kwanza". Kuriseti kunafuta vitu vyako na kuacha mfumo ule ule. Kama mfumo ndio mbovu, picha zitaondoka na simu itaendelea kugandia palepale.

Sasa picha. Mfumo wa Samsung huja kwa mafaili: BL (la kuwashia simu), AP (mfumo wenyewe), CP (la mtandao), na la nne ambalo lina sura mbili, CSC na HOME_CSC. CSC inafuta kila kitu cha mwenye simu. HOME_CSC inaweka mfumo mpya na kuviacha vyako, mradi sehemu vilipohifadhiwa haijaharibika. Mwambie fundi, kwa maneno haya haya, aanze na HOME_CSC. Wapo wanaokimbilia CSC kwa kuwa simu hutoka safi na mteja harudi na malalamiko. Mimi naona ni kumdhulumu mtu kumfutia picha bila kumuuliza. Chaji iwe ya kutosha, na faili liwe la modeli yako kamili. Kompyuta ikionyesha PASS kwa kijani, simu itakaa dakika kadhaa kwenye nembo. Iacheni, msiizime.

Kabla waya haujachomekwa, hakikisha unaijua Gmail yako na nywila yake, maana ikibidi kufuta vyote simu itaidai ndipo ikufungulie. Na leo hii azima simu ya mtu, ingia Google Photos kwa Gmail hiyo. Huenda picha za mtoto ziko huko tayari.