Kimya chako hakikuanza na wewe

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na kwa kuwa jambo lenyewe si la kuzungumza kwa simu huku salio linakatika, nimeona nikuandikie.

Unasema kwenye semina za chuo unakaa kimya mwanzo hadi mwisho. Majibu unayo, umeyaandika hata kwenye daftari, lakini wanaozungumza ni wenzako waliosoma shule za Kiingereza tangu chekechea, na wewe ukitaka kunyoosha mkono moyo unakwenda mbio. Wiki hiyohiyo mkafundishwa habari ya ujamiishaji, kwamba mtu hazaliwi amekamilika, jamii ndiyo inayomlea mpaka anakuwa alivyo. Ndipo ukaniuliza: "Mama, kama jamii ndiyo iliyonifanya mwoga, basi mimi mwenyewe ni yupi? Na nitabaki hivihivi?"

Nianze na hilo la uoga, kwa sababu ndilo linaloniuma. Msimu uliopita wa korosho, karani wa mizani alipotupunja kilo pale ghalani, ni nani aliyesimama mbele ya foleni nzima ya wanaume akataka magunia yapimwe upya? Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, nakuvuta mkono tuondoke. Yakapimwa upya. Mtu mwoga hafanyi vile. Sasa mtu yuleyule akiwa jasiri ghalani na bubu darasani, haitoshi kumchunguza yeye. Tuchunguze na mahali alipo, nani yupo pale, kinachothaminiwa pale ni nini. Hiyo ndiyo kazi ya sosholojia, na ndiyo maana nilifurahi ulipochaguliwa kuisoma, ingawa mjomba wako aliuliza itakupa ajira gani.

Durkheim, yule mwanasosholojia wa Kifaransa, bila shaka mmeshamgusa. Mwaka 1895 aliandika kwamba yapo mambo ambayo hayakutungwa na mtu yeyote mmoja, yako nje yetu, na bado yanatubana. Ukitaka kulielewa hilo usiende Ufaransa. Pita mbele ya wazee wanaocheza bao bila kuwaamkia. Hakuna sheria ya Bunge inayokulazimisha kusema shikamoo, hakuna polisi atakayekuja. Lakini jioni haijaingia nitakuwa nimeshapata habari, na wewe mwenyewe utakuwa umelala vibaya. Hakuna hata mmoja wetu aliyeibuni shikamoo. Tuliikuta.

Pamoja na shikamoo nilikufundisha mengine: usimkatize mkubwa, usipandishe sauti mbele ya mwalimu, subiri uulizwe. Mama yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa. Sijutii. Katika nyumba yenye bibi, wajomba na wageni wasiokwisha, mtoto anayesikiliza hujifunza mengi, na mzee anajua bado ana mahali pake. Ila semina inaendeshwa kwa kanuni nyingine. Pale anayenyamaza anahesabiwa hajasoma, na anayemkatiza mwenzake anaonekana ana fikra. Kanuni imebadilishwa na hakuna aliyekutangazia, wakati wenzako wengine wameizoea tangu wakiwa na miaka minne.

Kuna mwanasosholojia mmoja nataka umsome kwa makini, usiishie kwenye muhtasari wa mwalimu. Pierre Bourdieu alizaliwa mwaka 1930 huko Denguin, kijiji cha kusini-magharibi mwa Ufaransa, upande wa milima ya Pyrenees. Baba yake alitoka katika familia ya wakulima wadogo, baadaye akafanya kazi ya posta. Mtoto wa namna hiyo alifika vyuo vya juu kabisa vya Paris, na nadhani ndiyo maana aliyaona mambo ambayo watoto wa Paris hawakuyaona. Baada ya kufanya utafiti Algeria wakati wa vita vya ukombozi, alirudi kutafiti nyumbani kwao. Alitaka kujua kwa nini wanaume wa kule, hasa watoto wa kwanza wa wakulima, wale warithi wa mashamba, walikuwa hawaoi.

Akaelezea dansi ya Krismasi kijijini. Katikati vijana wanacheza miziki ya mjini. Pembeni wamesimama wanaume wa miaka thelathini hivi, wamevaa kofia zao za kikulima na suti nyeusi za mtindo uliopitwa, wanatazama. Hawachezi. Wanabaki pale mpaka usiku mkubwa, kisha wanarudi makwao.

Fikiri kidogo habari ya wanaume wale. Zamani mrithi wa shamba ndiye aliyekuwa mume wa kutafutwa. Halafu mambo ya mjini yakaingia kijijini, kwa shule, kwa magazeti, kwa wasichana waliokwenda kufanya kazi mjini, na mizani ya kumpimia mwanaume ikabadilika. Mwendo ule wa mtu aliyezoea matope na mteremko, uliokuwa mwendo wa kawaida, ukawa kichekesho. Na lililo zito kuliko yote ni kwamba wao wenyewe walianza kujitazama kwa macho yale ya mjini, wakaona aibu juu ya miguu yao wenyewe. Hakuna aliyewakataza kucheza. Miili yao iliwakataza. Bourdieu alitumia maisha yake kueleza jinsi jamii inavyoingia mwilini namna hiyo, katika mkao, katika lafudhi, katika kujua mikono uiweke wapi, mpaka mtu anadhani ndivyo alivyozaliwa.

Moyo wako unaokwenda mbio pale semina ni wa namna hiyo. Haukuanza mwezi wa kumi ulipofika chuo. Ulisoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, ukawa wa kwanza kunyoosha kidole, nakumbuka walimu wenzangu walivyokusifia. Ukaingia kidato cha kwanza, Januari, ukakuta baiolojia, historia na jiografia vyote vimegeuka Kiingereza, na atakayesikika akisema Kiswahili anavalishwa kibao shingoni. Ulirudi siku moja umevuliwa hicho kibao saa za mwisho, hukutaka kula. Miaka minne shingo yako ilifundishwa kwamba kukosea kusema ni aibu ya hadhara. Sasa unashangaa kwamba shingo haijasahau?

Mimi nimefundisha shule ya msingi karibu maisha yangu yote ya kazi, na nasema bila kuogopa: hatuna watoto wajinga kwa wingi tunaodhani. Tuna watoto ambao wamebadilishiwa lugha katikati ya safari bila kujengewa daraja.

Hapo ndipo mwanasosholojia wa Kimarekani, C. Wright Mills, anaposaidia. Mwaka 1959 alitoa mfano huu: katika mji wa watu 100,000, akikosa kazi mtu mmoja, hiyo ni shida yake, tazama tabia yake na ujuzi wake. Lakini katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, wakikosa kazi milioni 15, usiende kuchunguza tabia za watu milioni 15. Kuna kitu kimevunjika katika mpangilio wenyewe.

Sisi tuliyaona hayo. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, watahiniwa kama 6 kati ya kila 10 walipata daraja la sifuri, yaani walifeli. Binamu yako alikuwa mmoja wao. Unakumbuka maneno ya mtaani: watoto wa siku hizi wavivu, wanashinda kwenye simu na bongofleva. Alijifungia ndani akiamini ndivyo alivyo. Baadaye serikali ikaunda tume, na matokeo yakaamriwa kupangwa upya. Ikiwa robo tatu ya watoto wa shule moja wameanguka, na shule ile haina mwalimu hata mmoja wa fizikia, utasema nini juu ya bidii ya mtoto mmojammoja? Nilimwambia hivyo wakati ule, hakuniamini. Mtoto wa miaka kumi na saba anawaamini zaidi majirani. Sasa anaendesha karakana ya kuchomelea vyuma Masasi, ana vijana watatu chini yake, na bado akiona fomu ya Kiingereza anamwita mtu amjazie.

Kwa hiyo kabla ya kujihukumu, fanya kazi ya somo lako. Hesabu ni nani wanaonyamaza semina ile. Ukikuta wengi wametoka shule za kata, ni wasichana, ni watoto wa wakulima, basi mtaanza kulizungumza kama jambo la watu wengi, na nusu ya aibu itaondoka hapohapo. Na usiwachukie wale wanaosema. Ujasiri wao nao walipewa. Hawakuzaliwa nao kama wewe usivyozaliwa na ukimya.

Sasa swali lako kubwa: wewe mwenyewe ni yupi?

Wewe unalijua jibu kuliko wenzako wengi, kwa sababu umekulia katikati ya jamii mbili. Kwa watu wangu Wamakonde, ukoo unahesabiwa kwa mama, na mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake. Ukienda Newala wewe ndiye unayeuendeleza ukoo, na wanao watakuwa wetu. Kwa baba yako Marangu, ukoo ni wa baba. Kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, kinatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, na watu wanazikwa humohumo migombani. Tukipanda kule Desemba, wewe ni binti atakayeolewa aende kwingine. Damu yako haibadiliki ukiwa ndani ya basi kati ya Newala na Moshi. Kinachobadilika ni nafasi uliyotengewa, na kila upande unaamini nafasi hiyo ni ya asili, Mungu ndivyo alivyopanga. Ulikuwa na miaka tisa ulipomuuliza baba yako mkubwa kwa nini hesabu ya kule si hesabu ya huku. Mtoto aliyelelewa upande mmoja tu asingeliona swali hilo.

Ndiyo maana sikubaliani na anayesema jamii imetufanya, akaishia hapo, kana kwamba jamii ni mkono mmoja. Ni mikono mingi, inavuta huku na huku, na pale inapopishana ndipo mtu anapopata upenyo wa kufikiri. George Herbert Mead, mwanafalsafa wa Kimarekani aliyefundisha Chicago mpaka alipofariki mwaka 1931, alieleza kwamba mtoto huipata nafsi kwa kujifunza kujiona kwa macho ya wengine. Kwanza anaigiza mtu mmoja, leo mama, kesho mwalimu. Baadaye anaingia katika michezo yenye kanuni. Ukicheza rede huwezi kufikiria mpira tu. Inabidi ujue arushaye wa mbele anawaza nini, wa nyuma yuko wapi, mwenzako anakwepa vipi. Unawabeba wote kichwani. Lakini Mead hakusema nafsi ni hao wengine tu. Alisema upo upande unaojibu, na jibu lake hata mwenyewe halijui mpaka limeshatoka. Pale ghalani hukuwa umepanga kusema. Lile jibu lilikuwa lako.

Na kubadilika? Mfikirie Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Hakuwa msomi wa chuo. Alikuwa mwanamke wa Kiislamu wa pwani, katika zama ambazo mwanamke kusimama mbele ya umati wa wanaume akahutubia siasa lilikuwa jambo geni kabisa. Lakini alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU ilipotaka tawi la wanawake mwaka 1955, yeye akashika uongozi, na alichofanya ni kwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa sababu kule wanawake walikuwa wameshajipanga. Walikuwa na viongozi wao, michango, sare, na taratibu za kuitana. Katika miezi michache maelfu ya wanawake walichukua kadi.

Angalia sauti ile ilitoka wapi. Jamii ileile iliyosema mwanamke asihutubie ndiyo iliyompa ngoma, ikamzoeza kusimama katikati ya watu na kuimba akaitikiwa. Alichukua kilichotoka uwanja mmoja akakipeleka uwanja mwingine. Hakukitunga kutoka hewani, na wala hakuna aliyemtuma kukihamisha namna ile.

Wewe una kwaya, una rede, una ghala la korosho. Fanya hivi. Watafute wale wanaonyamaza, mkutane siku moja kabla ya semina, mjadili mada kwa Kiswahili mpaka iwaingie, kisha kila mmoja aandike hoja yake kwa Kiingereza. Semina ikianza, soma hoja yako kutoka kwenye daftari mapema, kabla wengine hawajashika mazungumzo. Kusoma ulichoandika si dhambi. Wa pili katika kundi lenu aseme anaungana nawe au anakupinga. Wimbo unahitaji waitikiaji. Kama mwalimu wa semina ni mtu msikivu, mwombe aruhusu hoja ziletwe kwanza kwa maandishi. Wengi wao walipita shule kama zako.

Nawe ukifika mwaka wa tatu, ukatakiwa kuandika utafiti, ningependa uandike juu ya hili: nani anasema na nani ananyamaza katika semina za chuo, na walitoka shule zipi. Njoo ufanyie sehemu yake huku kwetu. Nitakutambulisha kwa walimu wa sekondari ninaowajua, na binamu yako atakubali kuhojiwa, nimeshamuuliza.

Mjomba anakusalimu, anasema umpigie yeye mwenyewe, asisikie habari zako kwangu. Fedha ya kuchapisha kazi nitatuma mnada wa pili wa korosho ukishalipa. Uniambie semina ijayo mada ni ipi, nami nitafute nilichonacho hapa nyumbani nikupigie picha kurasa.

Mama yako