Bibi harusi hana pengo, ana mwanya

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata sherehe yangu ya kwanza ya kusherehesha, iko Tanga. Nipe mbinu za kutoboa." Nikacheka peke yangu ndani ya daladala. Tanga! Mji mwingine hakuuona?

Najua ninyi mnaonisoma hapa mnataka kushika kipaza sauti mbele ya watu mia tano na kulipwa vizuri. Suti, sauti na muziki mtajifunzia njiani. Mimi leo nawapa neno moja lililonikosesha nusu ya malipo yangu.

Nimekulia Mbeya. Nyumbani kwetu (nisiwasingizie majirani) uwazi wowote kwenye meno tuliuita pengo. Basi usiku ule Tanga, ukumbi umefurika, bibi harusi akatabasamu, nami nikauona ule uwazi mzuri kati ya meno yake mawili ya mbele. Nikapaza sauti: "Jamani, tazameni pengo la bibi harusi, ndilo lililommaliza bwana harusi!"

Nikasubiri vigelegele. Kimya. Shangazi mtu, aliyekaa meza ya mbele, akasimama, akauweka sawa mtandio wake.

"Mwanangu, kang'oka nani jino hapa? Huyu ana mwanya. Mapengo yako huko kwenu."

Ukumbi ukaangua kicheko, na aliyechekwa ni mimi.

Mwanya mtu huzaliwa nao, na watu wa Pwani huuhesabu kuwa urembo. Pengo ni pale palipokuwa na jino likatoka: la mtoto wa darasa la kwanza, la babu, la bondia. Kwa hiyo mimi, na suti yangu ya kukodi, nilikuwa nimemng'oa jino binti wa watu siku ya harusi yake. Niliomba radhi mara tatu. Kamati ikanipa nusu ya hela, nusu ya pili wakasema tutawasiliana. Hatujawasiliana mpaka leo, na sitasema uongo kwamba nimesahau.

Tangu hapo, kabla sijataja uwazi wowote najiuliza: hapa palikuwa na kitu? Kama kilikuwepo kikaondoka, ni pengo. Ndiyo maana msibani tunasema marehemu ameacha pengo. Ungedhani baada ya Tanga nimekoma. Wapi! Kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu mmoja nilisema anatuachia pengo lisilozibika, sasa anakwenda kupumzika. Mkewe akanivuta koti: "Baba, mwenzangu anastaafu, hajafa." Moja moja maneno yale hayana ubaya. Niliyapanga kama ya makaburini.

Ufa ni habari nyingine. Ufa ni kitu kizima kilichoanza kuachana, na ukiutaja watu wanaanza kuuona ukuta wa kujenga. Usilitamke kwenye sendofu, hasa kama mahari ilileta maneno. Mwanya nao ukitoka mdomoni ukaingia ofisini hugeuka: mianya ya rushwa huzibwa, mwanya wa binti husifiwa. Upenyo ni pa kujibanza upite, kama wapigapicha wanapowasonga maharusi.

Halafu chakula kikifika, sema mapumziko mafupi. Niliwahi kusema "tuchukue likizo fupi ya chakula", mhasibu mmoja akauliza kama ni ya malipo. Likizo ina barua na siku za kuhesabu: kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mama aliyejifungua mtoto mmoja ana siku 84, wa mapacha 100. Pilau halihitaji barua.

Sasa kijana wangu, mbinu ni hizi. Fika mapema, kaa na kina mama wanaopika, sikiliza wanavyosema. Ukifika mapema utasikia. Usikimbilie kuchekesha kabla hujasikiliza. Na usiseme bila kituo. Mimi pale Tanga ningetua hata sekunde mbili, ulimi ungeniuliza. Vijana wa siku hizi mnanunua spika kubwa na kamusi hamna hata ya kuazima! Mnadhani watu wa Pwani wanaringa na Kiswahili chao. Wanaringa, ndiyo, na wana haki. Ukienda kulia riziki kwenye lugha ya watu, nyenyekea. Nasema tena, fika mapema.

Mwaka jana nilirudi Tanga kusherehesha harusi nyingine, na nani yuko meza ya mbele? Nikamwendea kabla ya kugusa kipaza sauti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba wa mapengo. Leo umekuja kumng'oa nani?"

Nilitaka kumuuliza habari za ile nusu yangu, lakini alikuwa ameshanishikisha sahani ya pilau.