Duma: Maswali Yenu Kuhusu Mbio, Watoto na Mifugo

Je, ni kweli duma hukimbia kilomita 120 kwa saa?

Namba hiyo imerudiwa mara nyingi kuliko ilivyopimwa. Duma wa mwituni waliovalishwa kola za kupima mwendo huko Botswana, katika utafiti uliotoka mwaka 2013, hawakuzidi kilomita 93 kwa saa, na mara nyingi walipata windo bila kufika huko. Kwa wastani mbio moja ilikuwa ya mita 173 tu.

Kinachommaliza swala hasa ni kona. Swala hupinda ghafla, na duma hupunguza mwendo, akapinda naye, kisha akaufyatua tena. Kucha zake hazijifichi zote kama za paka wengine, kwa hiyo hushika ardhi kama njumu za mchezaji wa mpira, na mkia mrefu humpa mizani. Akimfikia, humkwatua mguu kwa kucha ya ndani, ile iliyo juu kidogo ya wayo wa mbele, halafu humkaba koo kwa dakika kadhaa mpaka akate roho. Yote hayo hutegemea kunyemelea: akionwa akiwa bado mbali, kwa kawaida hata hajisumbui kukimbia.

Kwa nini anamwachia fisi nyama aliyoitafuta mwenyewe? Ni mwoga?

Ana hesabu nzuri. Mwili wa kukimbia ni mwepesi: kichwa kidogo, taya zisizo na nguvu za simba, miguu myembamba. Jeraha la mguu kwake ni njaa, maana kwa kawaida hana kundi la kumlisha akiwa mgonjwa. Ndiyo sababu huwinda zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza, wakati simba na fisi wengi wamelala, na hula harakaharaka. Ule usemi kwamba huacha mbio kwa sababu ubongo unachemka hauna msingi. Duma waliopimwa joto Namibia hawakupata joto la hatari wakiwa mbioni. Lilipanda baada ya windo, hasa walipofanikiwa kuua.

Namtofautishaje na chui?

Tazama uso: duma ana michirizi miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni. Madoa yake ni meusi yaliyojaa, ya chui yamepangika kama vikuku. Duma hangurumi, hulia kama ndege.

Jike huzaa watoto watatu hadi watano, mbona duma hawaongezeki?

Kwa sababu wengi hawafiki mbali. Katika nyanda za Serengeti, utafiti wa miaka ya 1980 na 1990 ulikuta takriban watoto 5 tu kati ya 100 wakifikia umri wa kujitegemea, na simba ndiye aliyeongoza kwa kuwaua. Kwingineko, penye vichaka vya kujificha, hali ni nafuu. Mama huwalea peke yake na huwahamisha maficho kila baada ya siku chache. Watoto huwa na manyoya marefu ya kijivu mgongoni. Wapo wanaodhani huwafananisha na nyegere, mnyama asiyechokozwa ovyo.

Hapa ndipo penye kiini cha uhifadhi wake. Duma hukwepa penye simba wengi, kwa hiyo kumtengea hifadhi pekee hakutoshi. Makadirio ya mwaka 2016 yalihesabu duma wapatao 7,100 duniani, na sehemu kubwa ya maeneo yao, asilimia 77, iko nje ya hifadhi, miongoni mwa wafugaji, nyua na barabara.

Mbuzi wetu wanachukuliwa mchana. Tufanye nini?

Kwanza mjue mwizi. Duma hung'ata koo, hula nyama mbichi palepale na ni nadra kurudi kwenye mzoga. Chui huburuta au hupandisha mtini, fisi huvunja mifupa. Kutia mzoga sumu kwa hiyo humkosa duma na kuua tai na mbwa wenu.

Zizi imara husaidia usiku, lakini duma huja mchana, hivyo dawa ni mchungaji mtu mzima pamoja na mbwa wa kulinda. Namibia wamekuwa wakitoa mbwa wakubwa wa asili ya Anatolia, huko Uturuki, kwa wafugaji tangu 1994. Mbwa huwekwa zizini na mbuzi akiwa na umri wa wiki 8 hivi, alale nao na ale humohumo. Makosa ni yaleyale kila mahali: watoto wanamchezea, anaanza kufuata watu nyumbani; au analishwa kidogo, anaondoka kuwinda. Akiwa kijana huweza kukimbiza wanambuzi kwa mchezo. Mkemee papo hapo. Mchanjeni kichaa cha mbwa. Ndama nao wabaki karibu na nyumbani miezi yao ya kwanza.

Magari ya watalii yanamdhuru?

Ndiyo, hasa mama mwenye watoto. Maasai Mara, utafiti wa 2018 ulikuta majike katika maeneo yenye watalii wengi wakikuza wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao, dhidi ya 2.3 penye watalii wachache. Zimeni injini, msimzunguke, msikae kati yake na swala anaowatazama. Mkikuta magari matano tayari yamesimama, ngojeni kwa mbali au mwende zenu. Na akipanda juu ya gari, hiyo si picha ya bahati. Ni dalili kwamba mmemkaribia mno.