Jibu: Bibi anamtafuta marehemu babu usiku

Umeuliza kama bibi yako wa Newala, anayetoka usiku kumtafuta babu aliyekwisha kufa, karogwa au ni uzee tu. Ndugu yangu, si uchawi, na uzee peke yake haumfikishi mtu hapo. Inafanana na dimenshia, maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu, ambayo chanzo chake kikuu ni ugonjwa wa Alzheimer. Mambo ya juzi hufutika kwanza, ya ujanani hubaki. Kwake babu bado yuko kwenye mikorosho.

Lakini apimwe kwanza. Kama kabadilika ghafla, ndani ya siku chache, mpelekeni hospitali leo leo: malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, hata dawa anazomeza, vyote huchanganya wazee. Kwa uchunguzi zaidi, ombeni rufaa ya Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa kule Mtwara.

Akimuulizia babu, msimjibu kila mara "alikufa". Kwake ni msiba mpya kila siku. Mwambieni awasimulie habari za babu, huenda akatulia. Majirani wajue hali yake, wakimwona njiani wamrudishe. Na huyo dada yako anayekesha naye peke yake (siku zote ni binti!) mpokeeni zamu.