Ukitaka jiji janja, uliza kwanza nani atazibua mtaro mwaka wa pili

Nimekaa kwenye vikao vingi vya jiji janja hapa Dar, yaani jiji linalotumia teknolojia kuendesha huduma zake, vile vya hotelini vyenye chai ya saa nne na sambusa, na karibu kila kikao kina ile slaidi yenye duara katikati limeandikwa WADAU halafu mishale inatoka kwenda serikali, sekta binafsi, asasi, wananchi. Inapendeza kweli. Ila uliza huyo mwananchi wa kwenye mshale kesho asubuhi akiamka anafanya nini hasa, mtoa mada atakwambia swali zuri sana, tutalirudia baada ya chakula. Halirudiwi.

Sasa leo nataka niongee na nyie vijana mnaonitumia meseji kila siku mnataka kutengeneza apu ya taka, apu ya mafuriko, apu ya paking, na maafisa wa halmashauri nao wasome maana wengi tunajuana. Ushauri wangu ni mmoja tu na mengine yote yanatoka humo: kabla hujagusa kompyuta chukua karatasi uandike nani atafanya kipi mfadhili akishaondoka, na ukikuta kuna kazi haina mtu basi huo mradi haujaiva.

Mimi nimetokea kwenye ramani, niliingia kama mwanafunzi wa kujitolea kipindi cha Ramani Huria, kwahiyo mifano yangu mingi ni ya huko, mtanivumilia. Kwa ambaye haijui, ni mradi wa kuchora ramani ya Dar, ulianza mwaka 2015, jiji linapanuka kwa kasi na sehemu kubwa ya makazi haijapimwa, ramani zilizokuwepo zilikuwa hazionyeshi vichochoro vya uswahilini hata kidogo. Wakaingizwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakazi wenyewe, Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia ikiwa kati ya waliotoa hela, drone zikarushwa, na kila kitu kikawekwa OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambako mtu yeyote anakichukua bure. Ukisikia hivyo unaona kama kazi ilifanywa na drone. Haikufanywa na drone. Drone inakuonyesha bati na barabara, haikuonyeshi mtaro una kina gani, umejengwa kwa zege au ni wa udongo, na mle ndani kuna maji au kuna makopo na godoro la mtu. Hayo ni ya kushuka chini na futikamba. Na mafuriko yalifika wapi mwaka ule, hiyo haipo kwenye picha yoyote, anayo mama aliyekaa hapo miaka mingi, unamuamkia, unakaa, anakuonyesha ukutani, hapa yalifika gotini, kwa jirani kule bondeni kiunoni, na ile nyumba pale waliihama kabisa. Hiyo ndio data. Huyo mama ndio mdau wa kwanza na hakuna kikao cha hoteli aliwahi kualikwa.

Kumfikia huyo mama kuna njia yake, naomba hapa msiruke. Barua inatoka manispaa, inashuka kata kwa mtendaji, inaenda kwa mtendaji wa mtaa, unaonana na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yeye anakupa mjumbe wa kutembea nanyi. Vijana wa teknolojia wanaona huu ni urasimu, wanataka waende moja kwa moja "uwandani". Haya nenda, piga picha nyumba ya mtu na simu bila mjumbe pembeni uone kama hawajasema umetumwa kuja kubomoa. Watu wa bondeni wameshaona alama za X kwenye kuta zao, wana haki ya kukuuliza wewe ni nani. Mjumbe akisema "hawa ni watoto wetu, wanapima mitaro" milango inafunguka, na mipaka ya mashina ambayo haijawahi kuandikwa popote yeye anatembea nayo kichwani, hapa kwangu, pale kwenye mwembe ni kwa mzee fulani.

Na mjumbe alipwe jamani. Hili nitalisema mpaka mnichoke. Mshauri anatoka nje analipwa kwa siku pesa ambayo sitaki hata kuitaja, halafu mtu aliyezunguka na nyie juani toka asubuhi anapewa soda na asante sana mzee. Weka nauli, chakula na posho yake kwenye bajeti toka mwanzo, andika kabisa, kwasababu ni kazi.

Tuje kwa halmashauri sasa, maana hapa ndipo miradi mingi inafia. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi na bajeti yake inapikwa miezi mingi kabla, sasa wewe unatokea mwezi wa tano na mfumo wako mzuri unataka manispaa "iuchukue", iuchukue na hela ipi? Nenda mapema, kaa na afisa mipango, kaa na mtu wa TEHAMA, muulize diwani kama anaelewa maana yeye ndiye atasimama barazani kuitetea. Mkishindwa kupata hata mstari mmoja wa bajeti wa kulipia intaneti na matengenezo, mjue mnachojenga ni maonyesho.

Halafu kuna ile ya mtaro ni wa nani. Chukua mfano umeweka kidude cha kupima maji, kinatuma taarifa kwamba mtaro wa sehemu fulani umeziba, safi kabisa, taarifa inaenda kwa nani? Mtaro ukiwa pembeni ya barabara kuu ni TANROADS, wakala wa barabara kuu. Ukiwa barabara ya mtaani ni TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, ambao wapo toka 2017, kabla ya hapo ilikuwa halmashauri wenyewe na kuna watu mtaani mpaka leo wanawalaumu madiwani kwa barabara ambazo hawana nazo mamlaka tena. Taka zilizomo ndani ni za halmashauri. Mtaro ukimwaga mtoni mto una bodi ya maji ya bonde. Aliyejenga ukuta juu ya mtaro ni suala la mipango miji. Kwahiyo kidude kimoja kinapiga kelele na wadau watano wanaangaliana. Nimeona mfumo mzuri tu umekufa hivi, sio kwa kuharibika, ulikuwa unatuma taarifa vizuri kila siku kwenye imeili ambayo hakuna mtu aliyepewa jukumu la kuifungua. Hapa hakuna teknolojia itakayokusaidia, hapa ni kukaa mezani na hizo taasisi na kuandikiana: taarifa ikija, wa kwanza kupokea ni huyu, ndani ya muda huu, asipofanya inapanda kwa huyu.

Jangwani inafundisha vizuri sana hili. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulianza Mei 2016, njia ya kama kilomita 21, na karakana ya mabasi ikakaa pale pale bonde la Msimbazi ambako maji yamepita toka enzi za babu zetu, matokeo yake kila mvua kubwa tukawa tunasikia mabasi yanahamishwa, barabara imefungwa. Data haikukosekana jamani. Mkazi yeyote wa Jangwani angekwambia. Kilichokosekana ni kiti cha huyo mkazi wakati wa kuamua, na sasa hivi kuna mradi mwingine mkubwa wa kulirekebisha bonde lenyewe.

Serikali kuu sina mengi. Kazi yake naiona ni kuweka vitu vya msingi ambavyo kampuni moja haiwezi: anwani, sheria, mifumo kuongea yenyewe kwa yenyewe. Ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ni kazi kubwa mno, vibao vya mitaa na namba za nyumba nchi nzima. Lakini fuatilia jinsi tunavyoelekezana, bado ni shuka kituoni, pita duka la Mpemba, ulizia kwa mama Rehema. Namba ipo mlangoni, mwenye nyumba mwenyewe haijui. Hapo mdau aliyebaki ni sisi na watu wa delivari na wazima moto na gari za wagonjwa, waanze kuiuliza namba ndipo watu wataishika.

Vyuo navyo tunavichukulia poa sana. Angalia Nairobi, ile Digital Matatus, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na wenzao wa MIT na Columbia, vyuo vya Marekani, wakapanda matatu na simu mfukoni, wakachora njia zaidi ya 130, mwaka 2014 ramani ikatoka na jiji likaipokea. Njia zilikuwepo miaka yote, madereva na makonda wanazijua, wala haikuhitaji mkandarasi wa mabilioni. Kama uko chuo na unatafuta mada ya utafiti nakuomba usifanye tena dodoso la "mtazamo wa wananchi kuhusu", nenda kachore kitu ambacho mtaa utakitumia, na ukimaliza chapisha kikubwa kwenye karatasi ukabandike ofisi ya serikali ya mtaa. Sio kila mtendaji ana kompyuta, ila ukutani kila mtu anaona, na siku ya mafuriko umeme ukikatika ramani ya karatasi bado inasomeka.

Kampuni zije, sina ugomvi nazo, zina mitaji na mafundi. Ila someni mkataba sehemu ya data. Toronto kule Kanada, Sidewalk Labs, kampuni ndugu na Google, ilitangazwa Oktoba 2017 kwamba itajenga mtaa wa kisasa ufukweni, mabishano ya nani atashika data za watu yakawa makubwa, mshauri wao wa faragha Ann Cavoukian akajiuzulu 2018, na Mei 2020 kampuni ikajitoa, yenyewe ilisema ni hali ya uchumi kipindi kile cha korona. Hayo ni Kanada wenye uzoefu wa muda mrefu na sheria hizo. Sisi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume kabisa ya kuisimamia, kwahiyo ukiletewa kamera au kadi au apu inayokusanya majina na namba za simu za watu wa mtaa wako uliza: mmejisajili Tume? data inakaa wapi? mkiondoka tunabaki nayo sisi au mnaondoka nayo? Diwani ukiuliza hayo matatu tu barazani utawashtua wengi.

Na mwananchi? Kwanza tuache hii tabia ya kusema jukumu lake ni "kuelimishwa". Kila mtaa una grupu la WhatsApp saa hizi, watu wanapiga picha taa mbovu, bomba limepasuka, mwizi kaonekana, huo ni mfumo wa taarifa unaofanya kazi tayari na haujagharimu mtu chochote, ila unaishia humo humo kwenye grupu. Kabla hujatengeneza apu mpya, mtafute admini wa grupu na mtendaji wa mtaa, wape utaratibu wa kuzipeleka zile picha kwa TARURA na DAWASA, watu wa maji, uone. Na mwenye simu ya kitochi isiyo na intaneti usimsahau, weka menyu ya nyota na reli kama ile ya kutuma hela, bibi yangu anaiweza bila kusaidiwa na mtu. Bodaboda wanajua barabara ipi haipitiki leo, waokota makopo wanajua taka zinarundikana wapi, kaa nao kijiweni kabla ya kukaa na mkandarasi. Na wewe mkazi, siku ya mkutano wa mtaa nenda, usiwaachie wazee peke yao halafu uje kulalamika Twitter.

Mkienda kuandika andiko lenu la kuombea mradi, kwenye jedwali la wadau ongezeni safu moja mbele kabisa, "mwaka wa pili", na mjaze majina ya vyeo kabisa, sio "jamii" wala "serikali": nani anabadilisha betri, nani analipia bando, nani anapokea simu Jumapili mvua ikinyesha, posho ya mjumbe inatoka fungu gani. Mfadhili akisema hiyo safu haipo kwenye fomu yake, ichoreni kwa mkono.