Maboksi ya vifaa yanayopandana: tazama kitako kabla ya jina

Ukiingia Kariakoo kutafuta boksi la vifaa, winga, yule dalali wa mitaani, atakudaka kabla hujafika mlangoni kwa mwenye duka. Swali lake la kwanza huwa lile lile: "Bosi, unataka la kampuni gani?" Nawashauri mafundi wenzangu wasilijibu. Nazungumzia haya maboksi ya plastiki ngumu yanayopandana, la juu likang'ata la chini kwa klipu, ukashika mpini mmoja ukabeba mawili au matatu kwa mpigo. Yanauzwa kwa majina chungu nzima, na jina peke yake halikwambii kama boksi utakalonunua mwezi ujao litakaa juu ya hili la leo. Kitako ndicho kinachokwambia.

Mimi ni fundi wa AC na umeme wa majumbani. Nakaa Mbagala, kazi nyingi ziko Upanga, Masaki, Mikocheni, mara nyingine ng'ambo Kigamboni. Gari sina. Kila ninachofanyia kazi kinapanda bodaboda au bajaji, na siku mfuko umekauka kinapanda daladala na konda ananuna. Kwa hiyo ushauri huu ni wa fundi anayebeba. Mwenye kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo, anaweza kupuuza nusu yake.

Tuanze na kwa nini maboksi ya majina tofauti yanaweza kushikana. Mwaka 1993 kampuni ya Ujerumani inayoitwa Tanos, ambayo ni ya ukoo mmoja na Festool, watengenezaji wa mashine za mafundi, ilitoa boksi lililoitwa Systainer. Kitako chake kilikuwa milimita 396 kwa 296, na hakikubadilika hata boksi likiwa refu au fupi. Kilichobadilika ni kimo tu: 105, 157.5, 210, 315 na 420. Tazama hizo namba vizuri. Maboksi mawili ya 105 ni sawa na moja la 210, matatu ni sawa na moja la 315, na mawili ya 157.5 yanarudi kwenye 315 ile ile. Maana yake unaweza kupanga minara miwili ubavu kwa ubavu, kila mmoja na mchanganyiko wake, na juu ikawa sawa kama meza. Huyo Mjerumani alikaa chini akapiga hesabu.

Kipimo hicho kikasambaa. Makpac, yale maboksi ya Makita ambayo wengi wetu tunayajua kwa ile rangi ya bluu-kijani, yana kitako hicho hicho na yanapandana na Systainer za zamani. HiKOKI, ambao kabla ya 2018 tuliwajua kama Hitachi, nao wana maboksi ya kitako hicho. Kwa hiyo drili ya Makita ikiwa kwenye boksi lake inaweza kukaa juu ya boksi la Festool, na juu yake likakaa la HiKOKI. Rangi tatu, nembo tatu, mnara mmoja.

Bosch walikwenda njia yao. L-Boxx yao walitengeneza kwa kushirikiana na Sortimo, Wajerumani wanaofunga mashelfu ndani ya magari ya mafundi, na kitako chake ni milimita 442 kwa 357. Boksi zuri kweli kweli, lakini juu ya Makpac haliendi.

Wamarekani ndio wanaochanganya watu zaidi. Stanley na Black & Decker waliungana mwaka 2010, na DeWalt ni mtoto wa nyumba hiyo. Matokeo yake boksi la DeWalt TSTAK linashikana na baadhi ya yale ya Stanley FatMax, maana ni mfumo mmoja wenye majina mawili. Lakini DeWalt huyo huyo ana mfumo mwingine, ToughSystem, mkubwa na mgumu zaidi, na huo haushikani na TSTAK yake mwenyewe mpaka utafute kipande cha kuunganishia. Fundi akiambiwa "hii ni DeWalt na ile ni DeWalt", analipa kwa amani, anafika nyumbani yanamkataa. Milwaukee nao walileta Packout mwaka 2017, na hiyo ina meno yake ya peke yake kabisa.

Basi ukienda dukani, nenda na boksi lako moja. Ndiyo, libebe tupu mpaka Kariakoo, watu wanabeba magodoro itakuwa boksi. Kama huna, nenda na futi kamba. Pima kitako kwa milimita, urefu na upana. Kisha weka la dukani juu ya lako, funga klipu, shika mpini wa lile la juu, nyanyua, tikisa kidogo. La chini linatakiwa kuning'inia bila kucheza. Baadaye geuza, lako liwe juu na la dukani liwe chini, maana yapo yanayokubali upande mmoja na kukataa wa pili. Hata ndani ya familia ya Systainer jaribio hili lina kazi, kwa sababu Tanos walibadilisha namna ya kufunga mwaka 2010, wakaweka kitasa kimoja cha kuzungusha mbele kwa jina la T-Loc, na baadaye likaja toleo la tatu. Kukaa juu yanakaa, ila kushikana mpaka mkono wako uthibitishe.

Jaribio hili ndilo linalofichua kopi pia. Kopi nyingi zimeigwa kwa jicho: kitako kinaonekana kile kile, nembo ipo, lakini klipu inapishana na jino lake kwa milimita mbili tatu na unalazimika kuisukuma kwa dole gumba mpaka lipige kwa! Klipu ya kulazimishwa haimalizi masika. Winga akikwambia "hilo linakaza kwa sababu ni jipya", mshukuru, songa mbele.

Kuna majina ya Kichina kama Ingco na Total ambayo yamejaa madukani, na kuna mengine ambayo hata mwenye duka hayajui kuyatamka. Siyadharau. Boksi la bei nafuu ambalo limepandana vizuri na pacha wake lina faida kuliko la kifahari lililo peke yake. Sharti langu ni moja: nunua mawili au matatu siku hiyo hiyo, kutoka mzigo huo huo. Mzigo ukiisha, unaofuata unaweza kuja na jina lile lile na umbo jingine, na hutakuwa na wa kumlalamikia.

Sasa geuza boksi utazame chini yake, utaona alama ya pembetatu au herufi zimechorwa kwenye plastiki. Ukiona ABS, ujue ni plastiki ngumu, inayonyooka vizuri, ndiyo iliyotengenezea Systainer na L-Boxx. Ukiona PP, ni laini kidogo, inapinda kabla ya kupasuka. Mafundi umeme, hapa tusikilizane: gundi ya mabomba ya PVC inakula ABS. Petroli na thina pia. Kopo la gundi likivuja ndani ya boksi la ABS, kesho yake sakafu ya boksi imelainika na kukunjamana, na bisibisi zimegandia humo. Gundi yangu husafiri kwenye kindoo kidogo cha rangi kilichooshwa, nje ya mnara.

Ukubwa ndio unaowaponza wengi, kwa sababu boksi kubwa linaonekana kama ndiyo thamani ya hela. Boksi la kimo cha 315 likijaa spana na tindo, utalinyanyua mara moja tu, ya pili utaomba msaidizi. Vitu vizito viingie kwenye maboksi mafupi, vyepesi na vyenye umbo baya ndiyo viingie kwenye marefu. Mpangilio wangu uko hivi. La chini kabisa ni la 315, ndimo inamokaa vakyum pampu, ile ya kunyonya hewa kwenye mabomba ya AC, na inakaa wima muda wote. Pampu ina mafuta. Ukiilaza kwenye bajaji inayatema, na fundi anayefika kwa mteja na pampu kavu ataiunguza. Juu yake 157.5 yenye drili ya betri, chaja na betri mbili. Juu kabisa 105 yenye geji, mita, testa na vile vidude vidogo ambavyo kila dakika unavitaka, ili usifumue mnara mzima kwa ajili ya testa. Drili kubwa ya kutobolea zege ina boksi lake, na siendi nalo kama kazi ni kuosha AC tu. Hapo ndipo ninapouona uzuri wa mfumo huu: asubuhi unachagua maboksi ya kazi ya siku hiyo, mengine yanabaki chini ya kitanda. Gesi haiingii humo hata kwa bahati mbaya. R32 inayotumika kwenye AC nyingi mpya inashika moto, na boksi lililofungwa juani siyo mahali pake.

Kwenye bodaboda usiamini klipu. Zimetengenezwa kwa kunyanyuliwa, hazikutengenezwa kwa matuta ya Mbagala Kuu. Mpira wa kufungia upite kwenye mpini wa boksi la juu, uzunguke mnara mzima, ushike keria. Maboksi mawili yanatosha. La tatu lipakate.

Na yale yenye magurudumu? Yanapendeza. Kama kazi zako ni kwenye maghorofa ya Posta, yenye vigae na lifti inayofanya kazi, chukua. Kwangu mimi kutoka barabarani mpaka nyumbani ni mchanga mtupu, na gurudumu dogo kwenye mchanga linageuka breki. Halafu boksi la chini la magurudumu kwenye hii mifumo mikubwa lina uzito wa kilo 10 hivi likiwa tupu. Huo ni mzigo umeshaubeba kabla hujaweka hata spana.

Suala la maji. Utaona namba ya IP imeandikwa kwenye baadhi. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP65, inayotajwa kwenye Packout na ToughSystem, maana yake vumbi haliingii na maji ya kupigwa kwa bomba hayaingii. Systainer ya toleo la tatu ni IP54, inatosha kwa mvua ya njiani. Systainer za zamani hazina mpira kwenye mfuniko, kwa hiyo masika ukiwa nazo tembea na mfuko wa nailoni. Lakini mji wetu una shida nyingine ambayo mtengenezaji hakuiandika kwenye kibandiko: chumvi na unyevu wa pwani. Umemaliza kuosha AC, vifaa vina majimaji, umevifungia kwenye boksi lenye mpira mzuri, umelala. Mpira ule unaozuia mvua isiingie ndio unaozuia ule unyevu usitoke, na koleo zinaamka na kutu. Jioni nafungua mifuniko yote ndani ya nyumba, vifaa vinapumua mpaka asubuhi. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu na mabegi mapya nakusanya, natupia viwili viwili kila boksi.

Kwa ajili ya kutandika ndani, achana na povu la godoro hata kama fundi sofa wa Keko atakupa bure. Linanyonya maji na kuyatunza. Tafuta shiti ya mpira wa ndala, ule mwepesi, ukate kwa wembe kufuata umbo la kifaa. Haunyonyi, na kifaa kikikosekana mwisho wa kazi shimo lake linakuonyesha kabla hujaaga kwa mteja.

Kwenye mitumba ndiko ninakonunua siku hizi. Mashine zilizotumika zinakuja kutoka nje zikiwa ndani ya maboksi yake, na mashine ikiuzwa peke yake boksi linabaki. Muuzaji wa mashine halihesabu kama mali, analiona kama kifungashio, kwa hiyo bei inazungumzika. Angalia bawaba za nyuma kwanza, halafu mpini, halafu klipu zote moja moja. Boksi lililokaa sana juani utalijua kwa rangi iliyopauka na sauti ya kukatika ukiliminya pembeni. Hilo liache, isipokuwa klipu zake ni nzima na muuzaji anakubali kuliachia kwa hela ya maji. Klipu za akiba ni ngumu kuzipata hapa mjini, na boksi moja lililopasuka mfuniko linaweza kufufua mengine mawili.