Bahari ya bluu ina njaa: majibu ya maswali yenu

Tangu niandike kuhusu fitoplanktoni, vile vijimea vidogo vya baharini ambavyo macho hayavioni na vinafanya karibu nusu ya usanisinuru (kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) wote duniani, maswali hayajaisha. Nimechukua haya.

*Bahari imejaa madini, sasa hivyo vijimea vinakosa nini? (Rongai)*

Vinakosa kile kimoja kilichopungua kushinda vingine. Ukiwa na gunia la unga na maji kikombe kimoja, chapati utakazopata ni za hicho kikombe, hata uongeze gunia lingine. Sehemu kubwa ya bahari kuu kinachopungua ni nitrojeni, na tafadhali msiniandikie tena ati hewa imejaa nitrojeni, hiyo iko lakini ni gesi, vijimea vingi haviwezi kuitumia mpaka iwe naitreti ama amonia. Vichache kama Trichodesmium vinaweza kuitumia ikiwa gesi, lakini hivyo navyo vinataka chuma na fosforasi. Halafu kila kinachokufa huko juu kinazama na mbolea yake, kwa hivyo juu kuna mwanga na mbolea hakuna, chini mbolea imejaa na ni giza.

*Maji yakiwa bluu kabisa si ndio samaki wamejaa? (Kasarani)*

Hapana. Ile bluu ya katikati ya bahari ni rangi ya maji yasiyo na kitu ndani.

*Nimesikia ukimwaga chuma baharini vijimea vinamea na kuvuta kaboni. Mbona tusifanye hiyo biashara? (Umoja)*

Hili nimeulizwa mara nne mwezi huu, kwa hivyo leo nalijibu lote. Ni kweli kuna sehemu, kama bahari inayozunguka Antaktika na Pasifiki ya ikweta, naitreti iko ya kutosha na vijimea bado ni vichache, kwa sababu chuma kwenye maji yenye oksijeni hakikai kimeyeyuka, kinageuka kama kutu kinazama, na vumbi la jangwani linalokileta halifiki huko vizuri. Aliyeisukuma hiyo hoja ya chuma ni mwanasayansi wa bahari John Martin, akafariki 1993 kabla ya jaribio la kwanza kufanyika karibu na Galápagos mwaka huo huo. La pili, 1995, maji yaligeuka kijani kabisa. Hapo ndipo wauzaji wa hiyo biashara huishia hadithi, na hapo ndipo mimi nakasirika, kwa sababu kumea si kuzama. Kaboni haijaenda popote kama vijimea vimeliwa na wadudu wa majini na hewa ya kaboni imerudi angani ndani ya wiki chache. 2009 Wahindi na Wajerumani walimwaga chuma kusini mwa Atlantiki mahali silika ilikuwa kidogo, diatomu, vile vijimea vinavyojenga ganda zito kwa silika, hazikuweza kumea, vilivyomea vikaliwa, na kaboni kidogo sana ikazama. Umeondoa upungufu mmoja umegonga mwingine. Isitoshe, naitreti uliyoimaliza hapo ingesafiri na mkondo ilishe vijimea vya kwingine. Nchi za Mkataba wa London, ule wa kuzuia kutupa taka baharini, zilikubaliana 2008 kwamba hii iruhusiwe kwa utafiti halisi tu, na bado 2012 watu walimwaga kama tani 100 upande wa Kanada. Mtu akikuuzia hati za kaboni za aina hii, weka pesa yako mfukoni.

*Maji machafu ya Mto Nairobi si ni mbolea ya bahari basi? (South B)*

Yanaingia Athi, Athi inakuwa Galana halafu Sabaki, inamwagika karibu na Malindi. Mbolea hiyo inabaki karibu na pwani, haifikii bahari kuu yenye njaa, na matope yake yanafunika matumbawe. Msitafutie uchafu wetu kazi nzuri. Mtu wa Kisumu akuonyeshe magugu maji uone mbolea ikizidi inafanya nini.

*Kwa nini upande wa Somalia samaki ni wengi wakati wa kusi? (Eastleigh)*

Swali zuri kushinda yote. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo unasukuma maji ya juu yanatoka pwani, na maji baridi yenye naitreti yanapanda kuchukua nafasi yake. Kaskazi ikivuma hiyo inakatika. Sasa fikiria maji ya juu yakizidi kupata joto: yanakuwa mepesi, yanakaa juu kama kifuniko, na upepo unahitaji nguvu zaidi kuyachanganya na ya chini. Picha za setilaiti za NASA za klorofili, ile rangi ya kijani ya vijimea, ni za bure, fungua ya Agosti uangalie pwani ya Somalia, halafu ushuke mpaka katikati ya Bahari ya Hindi kusini.